Ukuta wa Nyuma

Jumatatu jioni Kalunde alichomeka kijiti cha kiberiti kwenye ufa, nyuma ya kitanda cha watoto, akakisukuma kwa kidole mpaka kikakaza. Jumanne asubuhi alipoinama kufagia, kijiti kilikuwa sakafuni. Akachomeka viwili pamoja. Jumatano, kabla ya chai ya saa nne, navyo vilikuwa chini. Alimuuliza binti yake Muthoki kama amevigusa, Muthoki akaapa kwamba hakujua hata kama kuna vijiti. Kisilu, yule mdogo, mkono wake haufiki hapo.

Ukuta ulikuwa unatembea. Alijisemea kwa neno hilo hilo, halafu akaviokota vijiti sakafuni.

Tetemeko lenyewe lilipita Jumapili, watu wakiwa kanisani. Lilidumu muda wa mtu kusema Baba Yetu mara moja bila haraka. Mabati yalianza kulia, na wengine wakadhani ni lori la kabichi linapanda mlima wa Nunguni kwa gia ya kwanza, mpaka kengele ya kanisa ikajigonga yenyewe. Hapo hata pasta hakungoja amina. Watu walitoka mbio wakasimama kwenye nyasi, akina mama wameshika watoto, wazee wameshika kofia, na baada ya kimya kidogo wakaanza kuchekana kwa vile kila mmoja alivyokimbia. Hakuna aliyeumia. Ukuta mmoja tu ndio ulioanguka kijiji kizima, wa nyuma, kwa mjane Kavata, ukamuua mbuzi aliyekuwa amefungwa hapo. Kama Kavata angekosa kwenda ibada siku hiyo, angezikwa yeye.

Sasa, nyumba ya Kavata ilijengwa na Ndolo, mume wa Kalunde. Hii ya Kalunde ilijengwa na Ndolo pia, bila shaka. Na nyumba arobaini na kitu kwenye milima ile, kila unayoiona inang'aa kwa mabati ukiwa barabarani, ni kazi ya mkono wa Ndolo, fundi mpole asiyelewa, asiyekimbia kazi, aliyeokoka miaka kumi na miwili iliyopita. Na zote zilijengwa namna moja. Katikati ya tofali na tofali, Ndolo aliweka udongo. Udongo wa kawaida, uliokanyagwa na wanawake kwa miguu mpaka ukawa kama ugali. Ukuta ukishakauka, anachimbua udongo kwa nje tu, kina cha kucha ya kidole gumba, anajaza simiti, anachora mstari kwa msumari. Mafundi wanaita kupiga kii. Mifuko mitatu ya simiti inamaliza nyumba nzima, na mtu akipita njiani anasema, heh, fulani amejenga nyumba ya simiti!

Nani alikuwa hajui? Kila mtu alijua. Kila mtu alimwona jirani akikanyaga udongo, akanyamaza kwa sababu kesho ni zamu yake yeye kukanyaga.

*

Kilichomtia Kalunde wasiwasi ni matofali ya Kavata. Jumatatu asubuhi, mwethya, yaani kikundi chao cha akina mama kinachosaidiana kazi kwa zamu, kilikwenda kutoa kifusi. Kalunde aliokota tofali la kwanza, akaligeuza. La pili, akaligeuza. Yalikuwa safi, hayana hata alama, kama yaliyotolewa tanurini jana. Hakuna kitu kilichokuwa kimeyashika. Udongo ulikuwa umerudi kuwa vumbi zamani, na ukuta ule ulikuwa umesimama kwa mazoea tu.

"Ni mimi nimeuharibu," Kavata alikuwa akisema, akimwambia kila anayepita na tofali. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ndogo, na siku ile sauti ilikuwa ndogo zaidi. "Fundi ameniambia. Nilikuwa namwaga maji ya vyombo hapo nyuma. Maji yameingia kwa msingi. Hata aibu naona, baada ya nyinyi wote kunisaidia hivyo."

"Usijilaumu," Kaluki, mmoja wa wale wanawake, alimwambia.

"Si kujilaumu. Ni kweli. Na fundi amesema ataujenga tena bure. Mama Muthoki, umshukuru sana baba Muthoki."

Kalunde alikuwa na matofali manne kifuani. Alisema, "Sawa," akaenda kuyapanga. Maji ya vyombo! Maji ya sahani mbili za mjane anayekula peke yake! Alikwenda nyumbani akasogeza kitanda cha watoto, na ndipo alipouona ufa, umeanzia chini ya dirisha, umepanda kama ngazi, tofali baada ya tofali, ukapenya ukuta wa katikati na kutokea sebuleni nyuma ya kabati la vikombe.

Usiku huo aliwapeleka watoto kulala jikoni kwa bibi yao, Susu Mutindi, mama yake Ndolo, kwenye kibanda cha miti kilichokuwa uani. Jumanne mchana alikuwa kwenye mfereji akingoja mtungi ujae, mke wa Muthama, mzee wa kanisa, akamuuliza kwa sauti ya kuchangamka, "Nasikia watoto wa fundi siku hizi wanalala kwa susu?"

"Susu ana baridi. Anataka kupashwa joto."

"Aa. Baridi. Nilidhani labda nyumba ndiyo ina baridi." Wengine wakacheka. Halikuwa tusi. Lakini Kisilu ndiye aliyekuwa amesema, shuleni, akijisifu, na kabla ya jioni maneno ya watu yalikuwa yamemfikia Ndolo. Ndolo hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda jikoni, akambeba Kisilu na blanketi lake, akamrudisha kitandani mwake, chini ya ukuta ule ule.

*

"Baba Muthoki, ukuta umefunguka tena."

Ilikuwa Jumatano alasiri, Ndolo amerudi kutoka kwa Kavata, ananawa mikono kwenye karai.

"Upi?"

"Unajua upi."

Alijifuta kwa shati. "Nitauziba asubuhi."

"Uliuziba kule sebuleni Jumatatu usiku. Umefunguka kando ya kiraka. Nimeweka vijiti chumbani kwa watoto, vimeanguka."

"Vijiti? Sasa wewe ndiye fundi hapa?"

"Mimi si fundi. Mimi nilikanyaga huo udongo kwa miguu yangu, nikiwa na mimba ya Kisilu. Najua ndani kuna nini. Twende tulale jikoni kwa mwaitu, kwa mama yako, mpaka tujue cha kufanya. Siku chache tu."

Ndolo alimwangalia, na Kalunde akaona kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaogopa. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

"Nikilala jikoni leo," Ndolo alisema polepole, "kesho hakuna mtu kwa huu mlima atalala kwa nyumba yake. Si ndio? Watasema fundi mwenyewe ametoka. Haya, watatoka. Waende wapi?"

Jibu Kalunde alilijua. Kule milimani mahali tambarare hakuna. Mtu akitaka kujenga huchonga mlima kwa jembe mpaka apate kiwanja cha kutosha vyumba vitatu, na wengi walikuwa na kiwanja kimoja tu, kile alichochonga babu. Kwa hiyo Ndolo alipokuja kujenga nyumba ya matofali, neno lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mahali: toeni hilo jiko la zamani tupate nafasi. Wakatoa. Miti ikawa kuni, nyasi wakala ng'ombe. Hata mzee Muthama alitoa la mama yake. Boma pekee lililobaki na jiko la miti lilikuwa hili la fundi mwenyewe, na lilibaki kwa sababu Susu Mutindi alikuwa amekataa kutoka, akasema walibomoe yeye akiwa ndani.

"Basi watoto tu," Kalunde alisema. "Watoto walale kwa susu. Nitamfunga Kisilu mdomo."

"Kisilu?" Ndolo alitaka kucheka. "Na kesho ibada ya nyumbani inakuja hapa. Watu thelathini. Watoto wataonekana wanatoka wapi na malazi?"

"Kesho ni zamu ya kina Kaluki."

"Nimeiomba. Nimemwambia pasta ije hapa. Waje waketi ndani, waone. Mtu akiketi kwa nyumba ya fundi akanywa chai, atakwenda kulala kwake bila maneno mengi." Alimwaga maji ya karai mbali, upande wa bonde, kwa uangalifu mkubwa, asije akayamwaga karibu na ukuta. Alipoona mkewe amemwona, aligeuka akaenda zake.

Watu thelathini. Kalunde alikwenda jikoni akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Mmegombana," Susu Mutindi alisema kutoka pembeni.

"Hapana, mwaitu."

"Ungekuwa hapa Jumapili. Hili jiko lilicheza! Miti yote ikalia nyii, ikaenda huku, ikarudi. Chungu changu hakikumwagika. Baba yake Ndolo alifunga kila mti kwa kamba ya katani, nikamwambia, wewe unafunga jiko ama unafunga ng'ombe?" Bibi kizee wa watu alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba yenu ni nzuri. Inafaa kupigwa picha."

"Mwaitu, tafadhali."

"Nimesema ni nzuri. Kuna ubaya?"

Usiku ule Kalunde hakulala. Alivuta kitanda cha watoto mpaka mlangoni, akaketi chini katikati ya kitanda na ukuta, mgongo wake ukielekea ufa, kana kwamba mgongo wa mtu unaweza kuzuia matofali. Alijua ni upuuzi. Alikaa hivyo hivyo mpaka jogoo akawika.

*

Alhamisi asubuhi alikoroga simiti kwenye kikopo cha mafuta ya kupikia, Ndolo akapaka. Walifanya kazi bila maneno, wamezoeana, yeye akinyoosha kikopo kabla hajaombwa. Ndolo alipomaliza alichukua masizi ya sufuria kwa kitambaa akayapaka juu ya kiraka mpaka kikafanana na ukuta wa miaka mingi. Halafu akavuta kabati likaziba mahali hapo, akapanga benchi refu mbele yake.

"Wazee wataketi hapa," alisema.

"Hapo?"

"Hapo."

Saa nane watu walianza kufika, kila mmoja akipangusa matope ya njia kwenye nyasi. Walikuja wengi kuliko thelathini. Kalunde aliona namna walivyoingia: mguu mmoja ndani, jicho kwenye pembe za dari, halafu tabasamu kubwa, "Bwana asifiwe, fundi!" Mzee Muthama, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye fimbo, aliketi katikati ya lile benchi refu. Akaegemea. Vikombe vililia ndani ya kabati.

Waliimba. Pasta alisoma kidogo, akasema kila mtu ana la kumshukuru Mungu wiki hii, kwa hiyo tuanze na ushuhuda. Watu wawili watatu walisimama wakasema pale walipokuwa tetemeko lilipoanza. Ndipo aliposimama Kavata, karibu na mlango, akishika leso yake kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe. Mimi ninashukuru kwa sababu niko hai. Na ninamshukuru fundi, ametoa siku zake tatu kwangu mjane bila kuniitisha kitu. Na ninataka kutubu mbele yenu." Sauti ilimkatika. "Mwethya mliteseka kunijengea ile nyumba, na mimi nikaiharibu kwa uzembe wangu, kwa kumwaga maji. Sasa ninayamwaga mbali, ng'ambo ya njia. Mnisamehe. Mniombee nisiwe mzembe."

"Amina," watu walisema. "Umesamehewa, mama."

Ndolo alikuwa anaangalia viatu vyake. Kalunde alimtazama, akamtazama kwa muda, akimngoja. Alimngoja kweli. Alimwomba kwa macho, sema, baba Muthoki, sema wewe, hata neno moja. Ndolo akakohoa, akafungua kitabu cha nyimbo.

Kalunde alijikuta amesimama.

"Bwana asifiwe," alisema. Hakujua aanzie wapi, akaanzia alipokuwa anaangalia. "Mzee Muthama, naomba utoke kwa hilo benchi."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani chai inataka kupita.

"Nyuma ya kabati ukuta umepasuka. Leo asubuhi nimekoroga simiti na mikono yangu tukauziba, tukapaka masizi msione. Mimi pia ninatubu. Kavata, si maji. Mimi nilishika matofali yako, hayakuwa na kitu. Ni udongo. Yako ni udongo, na yangu ni udongo, na sisi wote tuliukanyaga hapa. Watoto wangu wanalala chini yake na mimi sijalala tangu..." Aliketi, akajifunika uso kwa leso, na aibu ilimpanda mpaka masikioni, aibu ya kumvua mume wake nguo mbele ya kanisa zima.

Hakuna aliyesema amina.

Mzee Muthama hakutoka haraka, heshima yake haikumruhusu. Alijivuta, akashika fimbo, akasogea mpaka kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Waliokuwa naye benchini nao wakakumbuka kwamba wanataka kukaa penye upepo. Kwa muda mfupi kila mtu alikuwa akisogeza kiti chake kidogo kuelekea mlangoni, huku akimwambia mwenzake "pita, pita," kama wanaopishana kwa adabu tu.

"Fundi," Muthama alisema. "Na yangu?"

Ndolo alifunga kitabu cha nyimbo. "Yako ni kama hii."

"Ulinijengea mimi mzee wa kanisa nyumba ya udongo?"

"Ulinunua mifuko mitatu, mzee. Nilikuambia nyumba kama yako inataka ishirini. Ukaniambia weka mbele, nyuma hakuna mtu anapita."

Upande wa wanawake, Kaluki alianza kulia taratibu. Mmoja nyuma akasema, si kwa kumuuliza mtu, "Sasa tutalala wapi?" Pasta aliangalia juu, mahali ukuta unapokutana na mabati, maana nyumba ya pasta pia ilijengwa mwaka juzi, na aliyeijenga kila mtu alimjua.

"Tuombe," pasta akasema.

Wakaomba, wamesimama, macho wazi. Halafu chai ikaletwa na wakainywa, ndani ya nyumba ile ile, kwa sababu kukataa chai ya mtu baada ya maneno kama hayo kungekuwa kumzika. Waliinywa ikiwa moto. Kavata ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Alimshika Kalunde mkono, akaushika sana, lakini hakusema asante wala hakusema pole. Alisema, "Kumbe si mimi," akaenda zake akiteremka mlima.

*

Jua lilipokaribia kuzama Kalunde alihamisha malazi. Hakuomba ruhusa. Muthoki alibeba magodoro, Kisilu akabeba taa huku akiimba, kwake yeye ilikuwa sikukuu. Susu Mutindi alijibana ukutani kuwapa nafasi, akasema jiko limekuwa dogo siku hizi, akafurahi waziwazi.

Ng'ambo ya bonde taa zilianza kuwaka. Kalunde alisimama akazihesabu kwa majina ya wenyewe. Kwa kina Kaluki, ndani ya nyumba. Kwa pasta, ndani ya nyumba. Kwa mzee Muthama walitoa viti nje, wakaketi wamejifunga mablanketi, baridi ya Julai ikawashinda, na mmoja mmoja wakarudi ndani na mlango ukafungwa. Hakuna mahali pengine walipokuwa napo.

Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulipoiva, alipakua sahani ya Ndolo akampelekea. Ndolo alikuwa sebuleni, peke yake, amewasha karabai, mlango wazi. Alikuwa amerudisha benchi refu mahali pake na kuketi katikati, pale pale alipokuwa ameketi Muthama.

Kalunde alisimama mbele ya kizingiti. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, ingawa Ndolo hajawahi kumpiga.

"Njoo tulale, baba Muthoki. Wamekwisha kujua sasa. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu."

"Basi toka."

"Muthama amerudi ndani. Nimemwona." Ndolo alisema bila kuinua kichwa. "Jiko la mama yake mimi ndiye nilimwambia alitoe. Nililibomoa mimi, siku moja. Sasa yuko ndani na mama yake na wajukuu saba. Mimi nitoke nilale kwa usalama? Hapana. Mtu akiangalia huku aone taa yangu iko hapa."

"Na taa yako itashika ukuta wao?"

Karabai ililia, na mwanga wake ukaonyesha ukingo wa kiraka kando ya kabati, na mstari mwembamba mweusi uliokuwa umeanza kukipita.

Kalunde aliinua mguu avuke kizingiti, sahani mkononi.

"Usiingie!"

Ndolo alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha mbele. Kalunde hakuwahi kumsikia akipiga kelele. Wote wawili walibaki hivyo, wakitazamana, neno lile likiwa limetoka na haliwezi kurudi.

"Weka hapo mlangoni, mama Muthoki," Ndolo alisema, sauti imeshuka. "Nitakuja kuichukua. Wewe usiingie humu."

Kalunde aliiweka chini.